Bei ya Siku ya Vunjajungu

Mtu asiniambie simu haisemi uongo. Nimeshaambiwa, hapa hapa kisiwani Chula, barazani kwangu, na aliyeniambia alikuwa amekwisha kula wali wangu na mchuzi wa nguru, akafuta vidole kwa taulo langu, ndipo akatoa hiyo simu yake mfukoni. Namsema Anwari, mtoto wa wifi yangu. Simchukii sasa. Nilimchukia kwa muda, lakini hasira nayo huchoka, na yangu nyingi niliigawa kwa wengine.

Mimi naitwa Zaituni, mke wa Idarus, fundi wa mashua. Nasema mke, sisemi mjane, na anayetaka kunisahihisha asubiri nikiwa sipo. Mashua nyingi mnazoziona zimelala pwani ya Chula, na kadhaa za Chovai, zimepita mikononi mwa mume wangu. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimtukana, kwanza atatafuta tezo lake liko wapi, lile shoka dogo la kuchongea, kisha ataendelea kuchonga. Mdomo wa nyumba ile nilikuwa mimi, mikono alikuwa yeye, na tuliishi vizuri hivyo.

Kisa chenyewe kinaanza kwa kaka yake, Gharibu. Vita vya Somalia vilipotutoa visiwani sote tulikimbilia Mombasa. Sisi tulirudi, Gharibu akabaki, akafungua kiduka cha nyavu na kamba, akaoa Mulki, wakazaa Sabah na Waleed. Miaka ile Wakenya walishikwa na homa ya hisa. Mpaka muuza mahamri alikuwa na hisa zake, na alikuonyesha hujamuuliza. Gharibu naye, kidogo kidogo, akanunua hisa elfu kumi za kampuni moja ya saruji. Hisa, kwa asiyejua, ni kipande cha kampuni: wewe una chako, mwingine ana chake, kama watu walioshirikiana mashua moja. Tofauti ni kwamba mashua unaiona.

Alipougua ugonjwa uliomuua, alimwita Idarus Mombasa. Akamwambia, "Ziuze hizi. Usiwape wanangu pesa mkononi, wafanyie kitu cha kuwalisha." Akatia saini akiwa kitandani, Idarus akaenda kwa dalali wa hisa, zikauzwa siku ya vunjajungu, ile siku ya mwisho watu wanapojilia mchana kabla ya Ramadhani. Kila hisa kwa shilingi nane za Kenya. Pesa zilipotoka, Idarus alizipeleka zote hospitali, Gharibu akazihesabu mwenyewe, akasema, "Sawa." Ramadhani haikufika katikati, akazikwa huko huko.

Idarus akamrudisha Mulki na watoto Chula. Kwa pesa zile alinunua injini Kismayo, si mpya lakini nzima, na mashua akaiunda mwenyewe bila kuchukua ujira. Mbao alizifuata Burgao, akazileta kwa safari nyingi. Mashua ikawa ya mayatima: mabaharia wanavua, fungu la mashua linakwenda kwa Mulki. Hawakutajirika, lakini njaa hawakulala, na kwa miaka hakuna aliyesema neno.

Sasa huyu Anwari anafanya kazi katika ofisi ya hawala, ya kutumiana pesa, Kismayo. Ni kijana mzuri, shati limepigwa pasi hata akija kisiwani ambako wa kumwangalia ni mbuzi. Siku ile alikuja kututembelea akiwa na jambo jipya kichwani, hizo hizo hisa. Alikuwa anajifundisha kwa simu. Akatueleza kwamba kabla hujanunua hisa za kampuni unasoma kwanza bei zake za nyuma, ilipanda lini, ilianguka lini, ilikaa muda gani chini kabla ya kuinuka, kama mtu anayetaka mchumba anavyouliza habari za ukoo. Idarus alikuwa ananoa tezo, anasikiliza kwa sikio moja.

"Mjomba," Anwari akasema, "ile ya marehemu mjomba Gharibu ilikuwa kampuni gani?"

Idarus akaitaja. Anwari akaiandika. Mtandao wa kwetu ni wa kubembeleza, kwa hiyo alizunguka uani ameinua mkono juu mpaka alipoupata, akarudi. Kwenye kioo palikuwa na mstari unaopanda na kushuka, kuanzia miaka ya nyuma mpaka siku ile.

"Uliuza lini?"

"Siku ya vunjajungu, mwaka aliofariki."

Anwari akaitafuta siku hiyo, akaweka kidole juu ya mstari. Akaondoa kidole, akakirudisha.

"Kwa ngapi, mjomba?"

"Nane."

"Hapa ni themanini."

Idarus alicheka kidogo. Akasema basi hapo pamekosewa. Ndipo Anwari akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, akasema, "Simu haisemi uongo, mkaza mjomba."

Nikamwambia ashukuru amekwisha kula.

Lazima mwelewe jambo moja kuhusu sisi, la sivyo mtatuona wajinga, na wajinga hatukuwa. Samaki wetu huuzwa kwa mnada pale mchangani. Wanunuzi wa Kismayo wanakuja na barafu, mnadi anapaza sauti, bei inapanda, inasimama, inatajwa mara ya mwisho, basi. Ikishatajwa imetajwa. Kesho yake nguru akiuzwa kwa bei mara mbili, hakuna anayerudi kudai. Akishuka, hakuna anayerudishiwa. Mtoto wa Chula anakua akijua kwamba bei ya kesho anaijua Mungu, lakini bei ya jana ni ya wote waliokuwepo, na haiguswi. Mtu akisema jana niliuza nane, na pwani nzima ilisikia themanini, huyo ni mwizi, hatuna jina jingine la kumwita.

Na hapa palikuwa na bei ya jana, imeandikwa na watu wa mbali wasiomjua Idarus wala kuwa na ugomvi naye. Ungeshindana nayo kwa lipi? Hata mimi, na mdomo wangu wote, nilichokuwa nacho ni kumwamini mume wangu tu.

Anwari hakumwambia mtu ila mama yake. Mama yake hakumwambia mtu ila Mulki. Haukupita muda kisiwa kizima kikawa kinazidisha elfu kumi kwa themanini, mpaka watu ambao ukiwatuma dukani hurudi na chenji pungufu.

Mulki alikuja mwenyewe. Nitampa haki yake: hakuja kwa matusi. Alikaa mkekani, akamtazama Idarus usoni.

"Shemeji, nane au themanini?"

"Nane."

"Una karatasi?"

Hakuwa nayo. Fundi gani wa Chula anaweka karatasi? Pesa zilihesabiwa na mwenyewe, na mwenyewe akasema sawa, na kwa Idarus huo ndio ulikuwa ushahidi. Yule dalali wa Mombasa naye, Anwari alipomtafuta, ofisi yake ilikuwa imefungwa zamani na mahali pake pamekuwa pa kuuzia viatu. Shahidi pekee wa mume wangu alikuwa kaburini.

"Laki nane," Mulki akasema. "Kwa laki nane Waleed angesoma Mombasa. Asingekwenda."

Waleed, mwanawe, alikuwa ameondoka kwa tahriibu, ile safari ya jangwani na baharini ya kwenda Ulaya, kwa kuwa Chula hakuona mbele yake ila nyavu. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Libya. Alisema ana kiu, laini ikakatika, na tangu hapo hakuna aliyemsikia. Mulki alikuwa bado analala na simu ile chini ya mto. Sasa ameambiwa kwamba pesa ambazo zingemzuia mtoto wake zilikuwepo, na zimeliwa na ami yake. Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini. Lakini sikuwa mimi, na anayeshtakiwa alikuwa wangu.

"Nitasoma Halbadiri," akasema.

Halbadiri si mchezo. Ni majina ya watu wa Badri, waliopigana pamoja na Mtume, yanasomwa na wanaume waliokaa duara, kwa ubani na dua, ili aliyedhulumu ashikwe. Kismayo siku hizi mashekhe wengine wanasema ni uzushi, lakini Chula watu bado wanaiogopa kuliko bunduki. Ikishasomwa, kila mtu hukaa kungoja nani atavimba tumbo, nani atapofuka. Na kuna jambo la pili, ambalo watu hawalisemi kwa sauti: anayemsaidia aliyeshikwa anaingia kati yake na watu wa Badri, na yeye atapata fungu lake.

Nilimwambia Idarus asiende. Nikamwambia tuhamie Kismayo, tuwaachie kisiwa chao. Akasema, "Nikiondoka ndiyo nimekubali." Siku ya kisomo alioga, akavaa kanzu yake ya Idi, akaenda kwa Mulki akaketi katikati ya duara. Maalimu aliyeongoza kisomo alipoomba dua ya kumshika mla mali ya mayatima, Idarus aliitikia amina kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanawake walioko nje. Hilo niliambiwa. Mimi nilikuwa kwangu, nimefunga mlango, nalia kwa hasira, nimewasha moto wa kupikia na sina ninachopika.

Baada ya hapo hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimwacha tu. Adnani, mmoja wa manahodha wetu, alikuwa na mashua yake kwa Idarus, mbavu zimesimama lakini mbao hazijapigwa. Alikuja na watu wake akaichukua hivyo hivyo, wakaielea juu ya magogo na kuivuta nyuma ya mashua nyingine mpaka kwa fundi wa Chovai. Alisema yeye hawezi kutia wanawe katika chombo kilichoguswa na mkono ulio chini ya Halbadiri. Waliokuwa wanaleta mashua zao zizibwe mianya kwa pamba na mafuta, wakaacha kuleta. Salamu zikawa fupi. Idarus akawa anachonga vinu, mbuzi za kukunia nazi, na milango ya nyumba ambazo hazijajengwa. Asubuhi alikuwa anashuka pwani kuzitazama mashua alizoziunda zikitoka, na waliosimama ndani yake walikuwa wanatazama pembeni.

Alikonda. Hakulalamika hata mara moja, na hilo lilinikera kuliko yote. Nilimwambia apige kelele, aape, avunje kitu, afanye lolote watu wasikie kwamba ameumia. Akasema, "Zaituni, nimeshasema nane. Nikisema mara mia itazidi?" Akaendelea kuchonga kinu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Ndipo siku moja tezo likateleza, likamkata mguu karibu na kifundo. Lilikuwa jeraha la fundi, alikwisha kupata mengi kama hilo. Tukaosha, tukafunga. Zikapita siku, akasema taya linamkaza. Asubuhi yake mkate haukupita. Adhuhuri kinywa kilifunga kabisa, meno juu ya meno, shingo imekakamaa, na kitu kikianguka kwa kishindo mwili wote unajipinda.

Pepopunda. Kila mchu, yaani mtu, wa pwani anaijua pepopunda, bibi zetu walituogofya kwayo kabla hatujajua alifu. Angekuwa mtu mwingine yeyote wangesema mkimbizeni Kismayo, hospitali wana dawa. Lakini huyu alikuwa Idarus, na kinywa kilichosema nane kilikuwa kimefungwa. Walikuja mlangoni, wakatazama, wakarudi nyuma. Nilimsikia mmoja akisema taratibu, "Imemshika."

Nilishuka pwani bila viatu. Nilimkuta Adnani na mashua yake ile nyingine, injini imekaa mahali pake. Akasema injini inakohoa, haitafika. Wa pili akasema nyavu zake ziko baharini, hawezi kuziacha. Wa tatu aliingia kwake akafunga mlango. Nikaenda kwa Wafaa, jirani yangu tangu utoto, ambaye mumewe ana mashua. Nikamshika mikono yote miwili. Akasema, "Zaituni, mimi nina watoto," akajinasua.

Nikaenda kwa Mulki. Nilipiga magoti, mimi ambaye sijampigia mtu magoti. Nikamwambia mashua ile ameiunda yeye, injini ile ameinunua yeye, nipe kwa safari moja tu, kisha nisemeni mnavyotaka. Alisimama mlangoni ameshika mwimo. Akasema, "Petroli hakuna." Nikamwambia nitaiazima popote. Akasema tena petroli hakuna, na akatazama chini.

Sikuipata mahali. Kesho yake, alasiri haijaadhiniwa, Idarus alikufa juu ya kitanda alichokichonga mwenyewe, macho wazi, kinywa kimefungwa, hawezi hata kutamka shahada. Nilimtamkia mimi.

Kuzika walijaa. Kuzika ni faradhi, na maiti hana Halbadiri. Wakasema Mungu amsamehe, na nilivyosikia wanavyolikazia hilo neno kusamehe, nilitaka kuwafukuza wote kwangu na jeneza libaki na mimi. Sikufanya hivyo. Nilikuwa sina nguvu.

Mwaka ukazunguka. Ndugu zangu wa Kismayo waliniita, nikakataa kwenda. Nilibaki Chula kwa ukaidi tu, ili kila anayepita anione. Nilisuka mikeka nikaiuza kwa wale wanunuzi wa Kismayo, kwa sababu wa hapa nilikuwa siwauzii.

Ndipo Anwari akarudi. Alishuka katika boti ya Kismayo akaja moja kwa moja mpaka uani kwangu, akakataa kuketi, akakataa maji. Shati lilikuwa halijapigwa pasi. Nikadhani amefiwa.

"Mkaza mjomba," akasema, "jana imebadilika."

Nikamwambia aseme maneno ya watu.

Akanieleza amesimama vile vile. Alikuwa amenunua hisa chache za kampuni nyingine huko Nairobi, ya bima, akawa anaitazama bei yake kila siku. Jumatatu ilikuwa shilingi sita. Aliiona mwenyewe, sita. Jumanne akafungua simu akakuta sitini. Akaruka kwa furaha, akaona ametajirika. Kisha akarudi nyuma kuitazama ile Jumatatu, akakuta nayo imeandikwa sitini. Wiki iliyotangulia, ambayo ilikuwa sita na senti kidogo, sasa sitini na kitu. Mwezi uliopita vile vile. Siku zote zilizokwisha kupita zilikuwa zimepandishwa mara kumi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba zimepandishwa.

"Nikaogopa," akasema. "Nikaitafuta ile ya mjomba."

Ikawa hivi. Kampuni nyingine huamua kuziunganisha hisa zake. Kila hisa kumi zinafungwa pamoja na kuwa moja. Mwenye elfu kumi anaamka na elfu moja, na kila moja ina bei ya zile kumi, kwa hiyo mali yake ni ile ile, haikuongezeka hata senti. Lakini wanaouchora ule mstari wa bei hawataki uonekane umeruka ghafla, kwa hiyo wanarudi nyuma na kuzidisha kwa kumi bei zote za zamani, mpaka ya siku ya kwanza. Kwao huo si uongo. Wanasema wanalinganisha, ili anayesoma ajue kampuni imekwendaje. Anayetaka kujua mtu aliuza kwa ngapi kweli, lazima aangalie kwanza matangazo ya kampuni, kama hisa zimewahi kuunganishwa au kugawanywa tangu siku hiyo. Kampuni ya saruji iliunganisha zake miaka mitatu baada ya Gharibu kufa. Tangazo lipo, kila mtu anaweza kulisoma. Lilikuwepo hata siku ile Anwari anafuta vidole kwa taulo langu.

"Ni kama mtungo, mkaza mjomba," akasema. "Samaki kumi umewatunga kwenye ukindu mmoja, mtungo unauzwa themanini. Samaki mmoja ni nane. Simu ilikuwa inanitajia bei ya mtungo. Mjomba aliuza samaki mmoja mmoja, kabla mitungo haijafungwa. Mimi nikachukua idadi ya samaki nikaizidisha kwa bei ya mtungo."

"Kwa hiyo ilikuwa nane," nikasema.

"Ilikuwa nane."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Nikamwona analia kama mtoto, kamasi na machozi, nikaushusha. Nikamwambia asinililie mimi, mimi nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba ni nane. Awaendee wale.

Alikwenda, sitamnyima hilo. Ijumaa baada ya sala alisimama msikitini mbele ya watu wote, akasema mimi Anwari ndiye niliyemzulia mjomba wangu, na hivi ndivyo nilivyokosea. Nasikia habari ya mstari hakuna aliyeielewa, lakini ya mtungo waliielewa wote. Mtungo kila mchu anaujua.

Nilidhani baada ya hapo nitapumua. Kumbe ndipo nilipoanza kuumwa upya, maana walianza kuja.

Adnani alikuja na nguru mzima. Akasema injini yake siku ile ilikuwa mbovu kweli, na ile mashua yake aliipeleka Chovai kwa sababu tu alikuwa na haraka nayo, Idarus hana kosa, yeye alimwambia mkewe tangu siku ya kwanza kwamba fundi hawezi kula mali ya yatima. Wafaa alikuja na sinia la mikate. Akasema yeye alitaka kunipa mashua, mumewe ndiye aliyemkataza, na alilia siku nzima. Maalimu akatuma salamu kwamba aliposoma ile dua moyoni mwake alikuwa ameacha nafasi. Nafasi ya nini, hakufafanua. Mwingine akasema yeye hakuitikia amina, alitikisa midomo tu. Mwingine akasema alikuwa njiani kuja kwangu na dumu la petroli ndipo akasikia kilio.

Haukupita muda, ikawa Chula nzima hakuna hata mmoja aliyewahi kuamini themanini. Wote walikuwa na nane tangu mwanzo. Walirudi nyuma wakaipandisha kila siku yao, siku ya kisomo, siku niliyokuwa pwani bila viatu, siku ya maziko, mpaka mstari wao ukanyooka vizuri. Na hawakuwa wanadanganya, hilo ndilo lililonitisha. Ukiwatazama machoni unaona wanaamini. Mikate ya Wafaa niliwapa kuku.

Mtu mmoja tu walimwachia themanini yote, naye ni Mulki. Ndiye aliyesoma, wakasema, ndiye aliyetaka. Halbadiri iliyosomwa bure humrudia aliyeisomesha, kwa hiyo wakaanza kupita mbio mbele ya nyumba yake. Mabaharia wa mashua ya mayatima wakaacha kazi. Sabah, binti yake, wachumba waliokuwa wanakuja wakaacha kuja. Niliyaona yote hayo kutoka barazani kwangu, na siwezi kusema nilihuzunika.

Alikuja wa mwisho, adhuhuri, watu wakimwona, mikono mitupu. Alisimama pale pale aliposimama Anwari. Nilimngoja aanze. Nilikuwa nimeshajua atakalosema, kwamba petroli kweli haikuwepo. Na hapa nikiri jambo: hilo nilikuwa tayari kumpa. Mwaka mzima nilikuwa nimemwachia kanafasi hako kadogo, kwamba labda haikuwepo kweli, maana watoto wake ni damu ya Idarus na nilihitaji pa kushika.

"Petroli ilikuwepo," Mulki akasema. "Dumu zima, chini ya kitanda."

Hakungoja, akaendelea.

"Na nilijua ni pepopunda. Baba yangu alikufa nayo. Nilipita hapa kwako asubuhi ile nikamwona kutoka dirishani, nikajua si Halbadiri, nikajua Kismayo wangemtibu. Ulipokuja nikasema hakuna, kwa sababu nilitaka afe. Nilikuwa namfikiria Waleed na kiu yake. Nilitaka, Zaituni. Sikuambiwa na mtu."

Kuku walikuwa wanazunguka miguuni mwake. Nilisikia kifua changu kinauma mahali ambapo nilidhani pamekwisha kufa, na nikatamani angenidanganya kama wenzake.

"Kwa nini unaniambia?" nikamuuliza.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema.

Sasa nasikia watu wanasema nilimsamehe Mulki siku ile. Wafaa anasema alituona kwa macho yake tumekumbatiana, tunalia. Nataka ijulikane, na ndiyo maana nimeamua kuyasema haya mimi mwenyewe kabla hawajaibadilisha na jana yangu. Hatukukumbatiana. Sikumsamehe, wala yeye hakuniomba. Nilikwenda ndani nikatoa kigoda, kile cha mwisho alichochonga Idarus kabla ya tezo kuteleza, nikamwekea, nikamwambia akae. Akakaa. Nami nikakaa juu ya kinu. Tulibaki hivyo mpaka alasiri ikaadhiniwa. Chai sikumpa.